Mwenye Duka la Bunduki na Mnunuzi wa Kivuli

Tarehe 25 Juni 2024 kikosi cha kwanza cha polisi wa Kenya kilitua Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, kwenda kupambana na magenge yaliyokuwa yameuteka karibu mji wote. Haiti haina kiwanda cha bunduki. Hata hivyo magenge yale yana bunduki za kila namna, na Umoja wa Mataifa umeeleza katika taarifa zake kwamba nyingi hutoka Marekani, hasa katika jimbo la Florida, zikavushwa bahari ndani ya makontena pamoja na nguo na vyakula. Mnamo Februari 2025 mmoja wa vijana wetu aliuawa kwa risasi katika jimbo la Artibonite. Mzazi mwenye mwana katika kazi hiyo, awe mkulima wa Nyandarua au karani wa Kisumu, ana haki ya kuuliza bunduki hizi zilikuwa mkononi mwa nani kabla ya kufika mkononi mwa jambazi.

Jibu lake si fumbo. Mara nyingi zilikuwa juu ya meza ya duka halali, lenye leseni ya Serikali, lenye taa na karani na kitabu cha mauzo.

Yafaa tutazame kesi moja iliyokwisha kuamuliwa. Genge moja la Haiti liitwalo 400 Mawozo lilikuwa na kiongozi aliyeitwa Joly Germine. Mtu huyu alikuwa gerezani Haiti, lakini kwa simu aliwaagiza watu wake walioko Florida wamnunulie silaha. Katika mwaka wa 2021 watu hao walinunua madukani bunduki zisizopungua 24, na miongoni mwao ilikuwamo bunduki kubwa ya Barrett, ambayo risasi yake hupenya ukuta na chuma. Sehemu ya fedha ilitokana na fidia za watu waliotekwa nyara. Kila mara mnunuzi alijaza fomu na kuandika kwamba bunduki ni yake mwenyewe. Juni 2024, mwezi ule ule askari wetu walipofika Haiti, mahakama ya Washington ilimhukumu Germine kifungo cha miaka 35. Wanunuzi wake nao walishtakiwa. Wenye maduka hawakuwamo kizimbani.

Fomu hiyo ina jina la 4473, na kila mtu anunuaye bunduki kwa mfanyabiashara mwenye leseni nchini Marekani hana budi kuijaza. Swali lililo kubwa kuliko yote ni hili: je, wewe ndiwe mnunuzi wa kweli wa silaha hii? Aliyepata kufungwa kwa kosa kubwa haruhusiwi kuuziwa. Kijana aliye chini ya miaka 21 hauziwi bastola dukani. Basi mtu wa namna hiyo hutafuta rafiki, au mpenzi wake, au maskini mwenye shida ya fedha, ambaye jina lake ni safi, amwingilie dukani na kumwekea sahihi. Huyo ndiye tunayemwita hapa mnunuzi wa kivuli. Kusema uongo katika fomu ile ni kosa la jinai tangu zamani, na mwaka wa 2022 Bunge la Marekani liliongeza sheria inayoweza kumfunga mnunuzi wa kivuli hata miaka 15.

Lakini mnunuzi wa kivuli ni mtu mdogo. Leo akifungwa, kesho atapatikana mwingine kwa dola chache. Anayebaki mahali pale pale mwaka baada ya mwaka ni mwenye duka, naye ndiye aonaye sura za watu wanaoingia.

Kuna watakaosema kwamba muuza duka hawezi kusoma moyo wa mtu. Ni kweli. Mtu akinunua panga katika duka la Karatina kisha akamkata jirani yake, hakuna atakayemshtaki aliyemwuzia, wala haifai. Hoja yetu si hiyo. Mfano unaofaa zaidi ni wa ng'ombe. Mtu akikuletea usiku fahali watatu wa kunona, akawauza kwa nusu ya bei, na alama zao zimechomwa upya juu ya zile za zamani, kisha ukanunua bila swali, sheria ya Kenya haitakusikiliza ukijitetea kwamba hukuambiwa ni wa wizi. Kanuni ya Adhabu yasema wazi juu ya apokeaye mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi. Maneno hayo ya pili ndiyo yenye uzito. Mtu hawezi kufumba macho kwa makusudi kisha akadai kwamba palikuwa giza.

Nao wafanyabiashara wa silaha wa Marekani wazijua dalili. Chama chao chenyewe, kwa kushirikiana na idara ya Serikali isimamiayo silaha, tangu mwaka wa 2000 kimekuwa kikiwafundisha makarani wa maduka jinsi ya kumtambua mnunuzi wa kivuli: mmoja huchagua bunduki na mwingine hulipa, mwenye kulipa hajui hata jina la kitu anachonunua, fedha ni taslimu, mtu mmoja hutaka bunduki kadhaa za aina moja, kisha hurudi wiki ya pili kutaka nyingine. Sheria yenyewe humtaka mwenye duka kuipasha Serikali habari mtu mmoja akinunua bastola mbili au zaidi katika siku tano za kazi. Kwa hiyo dalili si siri.

Tena si maduka yote yenye lawama. Mwaka wa 2000 idara ile ilitoa taarifa iliyoonyesha kwamba bunduki zaidi ya nusu, asilimia 57, zilizofuatiliwa baada ya kupatikana katika uhalifu zilitoka kwa kiasi cha asilimia 1 tu ya wafanyabiashara. Kama kila mwenye duka angekuwa anadanganywa sawasawa na mwenzake, hesabu hii isingeweza kutokea.

Ufuatiliaji huo wenyewe ni kazi ya kumshangaza karani yeyote. Sheria ya mwaka 1986 inakataza Serikali ya Marekani kuweka daftari moja la wenye bunduki. Basi bunduki ikiokotwa mahali pa mauaji, makarani wa ofisi iliyoko Martinsburg, katika jimbo la West Virginia, humpigia simu aliyeitengeneza, naye huwaambia aliyeiuzia, na hivyo hivyo mpaka dukani, ambako mtu hufungua kitabu na kutafuta. Kumbukumbu za maduka yaliyofungwa hutunzwa Martinsburg kwa mamilioni, lakini haziruhusiwi kupangwa ili zitafutwe kwa jina la mtu. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba duka lisikaguliwe bila hati ya mahakama zaidi ya mara moja kwa mwaka. Katika hali hiyo mtu aliyeumizwa ana njia moja iliyobaki, nayo ni kwenda mahakamani kudai fidia.

Mwaka wa 2002 watu kumi waliuawa kandokando ya mji wa Washington na wapigaji wawili waliojificha ndani ya gari. Bunduki yao ilikuwa imetoweka katika duka liitwalo Bull's Eye, mjini Tacoma, upande wa pili wa nchi. Wakaguzi walipofika, duka halikuweza kueleza ziliko bunduki zaidi ya 200. Jamaa za waliouawa walishtaki, na mwaka wa 2004 duka lilikubali kulipa dola milioni 2, na kiwanda kilichotengeneza bunduki ile dola nusu milioni. Wenye viwanda walishtuka. Mwaka uliofuata, Oktoba 2005, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwakinga watengenezaji na wauzaji wa bunduki wasishtakiwe kwa sababu ya uhalifu uliotendwa na mtu mwingine.

Kinga hiyo ni pana, lakini ina matundu. Duka laweza kushtakiwa likivunja kwa kujua sheria ya uuzaji wa silaha, na likisababisha madhara kwa kuvunja huko. Tena laweza kushtakiwa likimkabidhi silaha mtu ambaye muuzaji alijua, au ilimpasa kujua, kwamba ataitumia kwa hatari. Msomaji ataona kwamba maneno hayo ni ndugu wa yale ya Kanuni yetu juu ya mali ya wizi.

Kesi iliyoonyesha nguvu ya maneno hayo ilitoka Wisconsin. Karibu na mji wa Milwaukee palikuwa na duka liitwalo Badger Guns. Duka lililolitangulia, mahali pale pale, lilihusishwa na bunduki 537 zilizopatikana katika uhalifu katika mwaka mmoja wa 2005, hesabu iliyolipa sifa mbaya kuliko duka lolote la Marekani mwaka huo. Mei 2009 kijana wa miaka 18 aliingia humo na mtu mwingine mwenye miaka 21. Kijana ndiye aliyeonyesha bastola aitakayo. Mwenziwe ndiye aliyejaza fomu, kwa ujira wa dola 40. Mahakama ilielezwa kwamba katika swali lile la mnunuzi wa kweli mtu huyo kwanza aliandika kwamba siye; ndipo jibu likabadilishwa pale pale mezani, na bastola ikauzwa.

Hebu tulifikirie jambo hili kwa utulivu. Mtu ameandika kwa mkono wake kwamba anamnunulia mwingine, na mwingine huyo amesimama kando yake. Karani wa posta akiletewa hati ya fedha namna hiyo angeirudisha dirishani bila kuinua macho.

Mwezi uliofuata askari polisi wawili walimsimamisha kijana yule kwa sababu alikuwa akiendesha baiskeli juu ya njia ya waendao kwa miguu. Aliwapiga risasi wote wawili, kichwani. Hawakufa, lakini mmoja alipoteza jicho na sehemu ya ubongo, na kazi yake ya polisi ikaisha. Kijana alifungwa miaka 80. Askari wakalishtaki duka. Oktoba 2015 jopo la raia, mfano wa wazee wa baraza waliokuwa wakikaa na majaji wetu zamani, lilikata shauri kwamba duka lilikuwa na makosa, na likaamuru fidia ya karibu dola milioni 6. Baadaye pande mbili zilipatana kwa kiasi kidogo kuliko hicho, na shauri likafungwa.

Wapo waliotumaini kwamba hukumu kama ile ingeweza kupanda juu zaidi, hata kuwafikia wenye viwanda. Serikali ya Mexico ilijaribu. Nchi hiyo ina masharti makali sana ya silaha, lakini magenge yake hupata bunduki kutoka ng'ambo ya mpaka. Mwaka wa 2021 iliwashtaki watengenezaji wakubwa wa Marekani mjini Boston, ikidai kwamba wanajua maduka gani huwauzia walanguzi na bado wanayapelekea mali. Tarehe 5 Juni 2025 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliikataa kesi hiyo, na majaji wote tisa walikubaliana. Hoja yao ilikuwa kwamba kujua kwa jumla ya kwamba baadhi ya wauzaji ni wahalifu si sawa na kuwasaidia katika uhalifu wao. Huenda mtu akachukizwa na hukumu hiyo. Mimi naona ina mantiki yake. Mwenye kiwanda yuko mbali. Haioni sura ya mnunuzi wala mkono unaotetemeka juu ya fomu. Aonaye ni mwenye duka. Nayo Mexico ilikuwa imekwisha kufungua kesi nyingine mwaka wa 2022, juu ya maduka matano ya Arizona, na Machi 2024 jaji alikataa kuitupa yote.

Kuna hofu nyingine isemwayo na wenye maduka waaminifu, kwamba fidia kubwa zitawafilisi wote, mwema na mbaya. Juu ya hilo mji wa New York unatupa habari ya kupima. Mwaka wa 2006 meya wake, Michael Bloomberg, alituma wapelelezi wawili wawili, mwanamume na mwanamke, katika maduka ya majimbo matano. Mwanamume alichagua bastola na kuuliza maswali yote. Mwanamke alikuja mwishoni kuweka sahihi tu. Yako maduka yaliyowakatalia. Maduka 27 yaliyouza yalishtakiwa, na mengi hayakudaiwa fedha: yalikubali kuweka mwangalizi aliyechaguliwa kwa idhini ya mahakama, kuandika mauzo yote sawasawa, na kuwafundisha makarani wao. Maduka hayakufungwa kwa masharti hayo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walipochungua baadaye maduka kumi katika hayo, waliona kwamba bunduki zao mpya zilizookotwa katika uhalifu wa New York zilikuwa zimepungua sana, na mauzo yaliendelea.