Vyumba sita, mita moja

Manzese, Tandika, Buguruni na Mbagala jijini Dar es Salaam zimejaa nyumba za aina moja: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma ua wenye choo, bafu na bomba. Wengi wanaozimiliki si matajiri. Ni wastaafu, wajane, au ndugu waliorithi pamoja na hawajagawana. Ukimwuliza mmoja wao nyumba inamwingizia kiasi gani, atachukua kodi ya chumba azidishe kwa sita. Chumba kikiwa shilingi 50,000 kwa mwezi, atakwambia 300,000, yaani 3,600,000 kwa mwaka. Hayo ni mapato ya karatasi. Yanayobaki mkononi hutegemea mambo ambayo hayaandikwi kwenye risiti, na kubwa kati ya hayo ni umeme.

Kwa bei zilizoanza mwaka 2016, mteja mdogo wa TANESCO, asiyevuka uniti 75 kwa mwezi, huuziwa uniti moja kwa shilingi 100. Ukijumlisha VAT na tozo za REA na EWURA inakuwa 122. Anayezoea kuvuka kiwango hicho huhamishiwa daraja la matumizi ya kawaida, ambako uniti ni 292 kabla ya makato na kama 356 baada yake. Sasa weka wapangaji sita, kila mmoja na taa, simu, redio na pasi ya mara mojamoja, tuseme uniti 25 kwa mwezi. Kila mmoja wao, angekuwa peke yake, ni mteja mdogo kabisa na angelipa shilingi 3,050. Lakini mita ni moja, nayo inasoma uniti 150. Wote wanahesabiwa pamoja na mwenye viyoyozi, na kila chumba kinachangia shilingi 8,900. Tofauti kwa nyumba nzima ni 35,100 kila mwezi, fedha ambazo mpangaji anazitoa na mwenye nyumba hazioni.

Hapo hatujafika kwenye ugomvi. Friji dogo laweza kula karibu uniti moja kwa siku, kwa hiyo mwenye friji peke yake anatumia zaidi ya jirani yake mzima. Mchango ukiwa sawa kwa kila chumba, asiye na friji atanung'unika; ukipangwa kwa vifaa, itaibuka hita ya maji inayofichwa chini ya kitanda. Wapo wanaofunga mita ndogo kila mlango. Zinamaliza ugomvi, kwa sababu kila mtu anaona alichotumia, ila bei ya uniti inabaki ileile ya juu, maana TANESCO bado inaona mteja mmoja.

Dawa yenyewe ni mita ya LUKU ya TANESCO kwa kila chumba, na ina gharama. Tangu Januari 2022 kuunganishiwa umeme mjini, ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, ni shilingi 320,960. Mita tano za LUKU za nyongeza ni 1,604,800, bila nyaya za ndani wala ufundi. Mwenye nyumba akiongeza kodi ya kila chumba kwa 5,000, atapata 30,000 kwa mwezi na fedha yake itarudi baada ya miaka minne na nusu hivi. Mpangaji naye, pamoja na nyongeza hiyo, bado anabakiwa na nafuu ya 850, na halindi tena swichi ya mwenzake. Si biashara ya haraka. Kwa mwenye nyumba iliyochoka paa ningesema bati kwanza. Lakini madalali wanajua kwa nini kila tangazo la chumba linataja umeme wa kujitegemea: vyumba hivyo havikai vitupu.

Baada ya umeme, chumba kitupu ndicho mwizi wa pili. Mpangaji mzuri analipa 50,000; mwenye nyumba anapandisha iwe 55,000. Mpangaji anahama, chumba kinakaa mwezi mmoja bila mtu, kisha anakuja mwingine kwa bei mpya. Miezi 11 mara 55,000 ni 605,000. Yule wa kwanza angeleta 600,000. Faida ya shilingi 5,000 kwa mwaka mzima haitoshi hata kupaka rangi ukuta mmoja, na chumba kikikaa miezi miwili, imeshakuwa hasara. Mpangaji naye hapendi kuhama ovyo, kwa sababu kila akihama anamlipa dalali kodi ya mwezi mmoja. Pande zote mbili zina sababu ya kuelewana, jambo ambalo huwezi kulidhani ukisikiliza mazungumzo ya uani.

Kuhusu kodi ya miezi sita mbele, wenye nyumba wana hoja: hakuna anayetaka kugonga mlango kila tarehe mosi. Ila fedha ya mkupuo ina tabia yake. Inaingia Januari, inaishia kwenye ada za shule, na masika yanapofika Machi hadi Mei choo kinajaa na hakuna ya kuita gari la kunyonya. Matokeo yake tunayajua: choo kinatapishwa usiku mvua ikinyesha, na uchafu unakwenda kwa majirani. Mimi naona miezi mitatu inatosha, na vyumba vipishane, viwili vilipe mwezi huu, viwili ujao, viwili unaofuata, ili kila mwezi kuwe na fedha ya fundi bomba na ya choo. Miezi mitatu pia inampa nafasi muuza genge au dereva wa bodaboda, ambaye kipato chake ni cha kila siku na laki tatu kwa mpigo hana.

Kuna kero ndogo yenye kelele kubwa. Kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU tangu 2021, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Anayenunua umeme ni mpangaji, lakini deni ni la mwenye nyumba. Kwa mwaka ni 18,000, shilingi 3,000 kwa chumba. Zikatwe kwenye kodi ya chumba, ziandikwe, yaishe. Mwenye mita nyingi kwenye jengo moja ahakikishe hakatwi kwenye kila mita.

Na mpangaji asipolipa? Kung'oa mlango au kuezua bati, kama wengine wanavyofanya, kunamgeuza mdai kuwa mshtakiwa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, pango lisilo na muda maalumu na linalolipwa kwa mwezi huvunjwa kwa notisi isiyopungua mwezi. Iandikwe, nakala moja ibaki kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ikishindikana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko swali la kwanza ni mkataba na risiti. Wengi hawana vyote viwili, kwa sababu siku ya kupangisha walipeana mkono tu.