Je, Wajua? Hatua za Mtoto, Kutoka Newala Hadi Vitabuni

Je, wajua kuwa mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alifika Masasi, kisha akapanda uwanda wa Makonde hadi Newala, akanasa nyimbo kwa mashine na kutazama unyago wa wasichana? Kitabu chake kilitoka 1908. Mwaka uliofuata, mwanaethnografia Arnold van Gennep alichapisha nadharia yake kwamba mtu anapovuka rika hupitia hatua tatu: kutengwa, kukaa kando, kisha kurudishwa kwa watu. Kungwi wa Newala asingeona jipya hapo.

Je, wajua kuwa wanasaikolojia Jean Piaget na Lev Vygotsky walizaliwa mwaka mmoja, 1896? Piaget aliwachunguza wanawe watatu, akagawa ukuaji wa akili katika hatua nne. Ya mwisho huanza kwenye miaka 11 au 12. Vygotsky, aliyekufa kwa kifua kikuu akiwa na miaka 37, alisema mtoto husogea mbele akiongozwa na anayemzidi ujuzi. Ukiniuliza mimi, Vygotsky ndiye angeelewa jando upesi zaidi.

Je, wajua kuwa mwanasaikolojia Mary Ainsworth alianza kuchunguza jinsi mtoto anavyoshikamana na mama yake vijijini karibu na Kampala, 1954 na 1955? Uchunguzi wake wa maabara huko Marekani ulikuja baadaye.

Na watoto wa Kipsigis, Kenya? Mtafiti Charles Super aliona wanakaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, kwa sababu mama zao huwafundisha makusudi. Katika kutambaa, ambako hakuna aliyewafundisha, hawakuwatangulia wenzao.

Je, wajua kuwa kanisa nalo liliingia jandoni? Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilifika Masasi 1876. Wamisionari wengi kwingineko walipiga marufuku mila hizi. Padri Vincent Lucas wa Masasi alifanya kinyume: wavulana wakapelekwa jandoni kama kawaida, ila sala zikachukua nafasi ya matambiko ya mizimu, na padri akawa kambini pamoja nao. Mwaka 1926 akawa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi. Unyago ulikuwa mgumu zaidi. Siri zake zilikuwa mikononi mwa wanawake, na padri angepitia mlango gani?

Je, wajua kuwa Erik Erikson, aliyeandika kwamba kazi kubwa ya ujana ni kujua “mimi ni nani”, alijipa jina hilo mwenyewe ukubwani? Wavulana wa Kimakonde na Kiyao nao walitoka jandoni na jina jipya, la utotoni likaachwa huko. Tofauti ni kwamba wao hawakuachiwa swali hilo walijibu peke yao.

Erikson aligawa maisha katika hatua nane, hadi uzeeni. Ya tisa, ya walio na miaka 80 na 90, ilichapishwa 1997 na mkewe Joan, ambaye mwenyewe alikuwa ameshavuka 90.