Gia za baiskeli: seti kamili au mchanganyiko?

Kampuni nyingi zinazouza baiskeli hazitengenezi gia. Krenki, cheni, friwili na vifaa vya kubadilishia gia hununuliwa kwa makampuni mengine, yakiwemo Shimano ya Japani na SRAM ya Marekani. Namna vifaa hivyo vinavyochaguliwa huathiri bei ya dukani na gharama za matengenezo baadaye.

Njia ya kwanza ni kuchukua seti kamili ya kampuni moja. Njia hii ilipata nguvu baada ya mwaka 1984, Shimano ilipotoa mfumo wa SIS, ambapo kila mbofyo wa swichi huhamisha cheni gia moja. Mfumo huo hudai swichi, friwili na kihamisha cheni vilingane kwa vipimo, hivyo kununua vyote mahali pamoja huondoa wasiwasi.

Bei nayo ilichangia. SRAM, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1987, iliishtaki Shimano mwaka 1990. Ilidai kuwa viwanda vilivyochukua seti nzima vilipata nafuu ya asilimia 10, na kwamba katika soko lenye ushindani mkali ni wachache ambao wangeiacha nafuu hiyo ili wafunge swichi za SRAM. Shauri lilimalizwa nje ya mahakama mwaka 1991.

Njia ya pili ni kuchanganya. Kiwanda hufunga kihamisha cheni cha nyuma cha daraja la juu, kwa sababu ndicho mteja hukitazama kwanza, kisha hubana gharama kwenye vifaa visivyovuta macho: cheni, friwili, krenki na ekseli ya pedali.

Si kila unafuu una hasara. Cheni na friwili huisha na kubadilishwa hata zikiwa za bei kubwa. Swichi na ekseli dhaifu ndizo humsumbua mwendeshaji mapema.

Mchanganyiko una mipaka pia. Cheni ya friwili ya gia 11 ni nyembamba kuliko ya gia 8. Vilevile, swichi ya kampuni moja huweza kuvuta waya kwa kipimo kisicholingana na kihamisha cheni cha kampuni nyingine.

Kwa mwenye duka, jina lililo kwenye kihamisha cheni halitoshi kupima thamani ya baiskeli. Orodha nzima ya vifaa isomwe kabla ya kuagiza, na vipuri viwekwe kwa kufuata idadi ya gia.