Kofia ya Viua katika Maonesho: Maelezo kwa Vijana Washonaji

Maonesho ya Nane Nane si ya mazao ya shamba peke yake. Vikundi vya ushonaji navyo huleta kazi zao, na kwa Pemba kazi inayostahiki kutangulizwa ni kofia ya viua, ambayo ndugu yake huvaliwa hadi Oman kwa jina la kumma.

Kofia hii ina sehemu mbili: duara la juu na ukanda unaozunguka kichwa. Viua ni matundu madogo, kila kimoja hutobolewa na kuzungushiwa uzi kwa mkono, kwa kufuata mchoro uliotangulia kuchorwa. Kofia moja yaweza kuchukua majuma, hata miezi.

Kwa hivyo, kosa la mwanzo huwa hasara kubwa. Kitambaa cha pamba hurudi kikifuliwa. Basi kifuliwe kabla ya kukatwa. Kipimo cha kichwa nacho kijulikane mapema, kwani kofia isiyomwenea mtu hainunuliwi, japo ni nzuri.

Liko pia suala la bei. Kofia za mashine ni rahisi, na asiyejua hudhani zote ni sawa. Kijana aandike gharama za kitambaa na uzi, na siku alizoshona. Mezani aweke, pamoja na kofia iliyokamilika, nyengine iliyofika nusu, sindano ikiwa bado imo. Mnunuzi akiiona kazi yenyewe, atafahamu anacholipia.

Wazazi wanaombwa kuwahimiza vijana wao, wa kike na wa kiume, waanze mapema.