Je, Wajua? Matairi ya Gari Kuukuu kwa Njia za Wasso

Lami ya kutoka Arusha hupita Makuyuni, Mto wa Mbu na Karatu, ikafika lango la Lodoare, Ngorongoro. Anayekwenda Wasso anajua kuwa kazi ya tairi bado haijaanza. Mbele kuna vumbi, kokoto na udongo mweusi unaogeuka tope mvua ikinyesha. Akichagua badala yake njia ya Engaresero, chini ya Ol Doinyo Lengai, atakutana na mawe makali ya volkano. Kama Prado yako au Land Cruiser ya zamani inadai matairi mapya, soma haya kabla hujatoa pesa.

Je, wajua kwamba kila tairi limeandikwa umri wake? Tafuta herufi DOT ubavuni, kisha usome tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Liache hapohapo.

Je, wajua kwamba tairi huzeeka hata likiwa limetundikwa dukani? Joto, jua na hewa hukausha mpira mpaka ukapasuka nyufa ndogo ndogo. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na lisivuke miaka 10 tangu litengenezwe, hata kama kashata bado zimesimama.

Je, wajua maana ya 265/70R16, saizi iliyozoeleka kwenye Prado? Upana ni milimita 265. Kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo. Ringi ni ya inchi 16. Herufi R inaeleza jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa: zinakwenda moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo. Ni mfumo ambao kampuni ya Michelin ya Ufaransa iliusajili mwaka 1946.

Je, wajua kwamba ringi kubwa si sifa kwenye barabara ya mawe? Tairi lenye kimo kizima kilekile likivishwa ringi kubwa hubaki na ubavu mfupi, na ubavu mfupi hauna nafasi ya kubonyea gari linapogonga jiwe. Kinachoumia ni ringi na mgongo wa abiria. Kwa njia za Wasso, inchi 16 yenye ubavu mrefu ni chaguo la busara.

Je, wajua kwamba namba inayofuata saizi huonyesha uzito ambao tairi linaweza kubeba? 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja. 120 ni kilo 1,400. 121 ni kilo 1,450. Gari linalopakia abiria saba, magunia na madumu ya mafuta lisivishwe tairi lenye namba ndogo kuliko ile aliyoiweka mtengenezaji wa gari.

Je, wajua kwamba tairi la "plai 10" halina tabaka kumi ndani yake? Zamani tabaka zilikuwa za pamba na zilihesabiwa kweli. Leo nyuzi ni za nailoni, poliesta na chuma, hivyo 10 ni kipimo cha nguvu tu. Hata hivyo ni kipimo cha kuzingatia. Tairi la aina hiyo, ambalo mara nyingi huandikwa LT, limekusudiwa mizigo na njia ngumu.

Je, wajua tofauti ya H/T, A/T na M/T? H/T ni la lami. M/T ni la tope: kashata zake ni kubwa na zimeachana, hutema udongo mweusi vizuri, lakini linanguruma, linakula mafuta na hushika breki vibaya kwenye lami yenye maji. A/T liko katikati. Anayeishi Wasso na kwenda Karatu au Arusha mara kwa mara atafaidika zaidi na A/T lenye alama ya LT.

Je, wajua kwamba kuchanganya matairi kunaweza kuua difu? Prado na Land Cruiser 80 nyingi huzungusha magurudumu yote manne wakati wote. Tairi jipya likiwekwa pamoja na lililolika sana, mizunguko hutofautiana, na difu ya kati hufanya kazi bila kupumzika. Kwa magari hayo, badilisha yote manne kwa pamoja.

Je, wajua pa kuweka matairi mapya kama gari lako linasukumwa na magurudumu ya nyuma na umemudu mawili tu? Nyuma. Gari likiteleza mbele, dereva huweza kupunguza mwendo akalirudisha. Likiteleza nyuma, hugeuka ghafla.

Je, wajua kwamba tairi kubwa hulifanya gari liende mbio kuliko unavyosoma? Ukitoka 265/70R16 kwenda 235/85R16, kimo cha tairi zima hupanda kutoka milimita 777 hadi 806. Spidimita ikionyesha 80, wewe unakwenda karibu 83.

Je, wajua kwamba upepo hupanda na joto? Kwa kila nyuzijoto 10 za Selsiasi, tairi la psi 35 huongezeka karibu psi 2. Pima alfajiri Wasso kukiwa na baridi. Ukifika Ziwa Natron mchana, usiupunguze kwa sababu tu geji imepanda.

Je, wajua kwamba pancha ya ubavuni haizibwi kwa usalama? Fundi anaweza kuziba tundu la msumari katikati ya kashata. Ubavu uliochanwa na jiwe hujikunja kila mzunguko, na kiraka hakidumu. Ndiyo maana magari mengi ya watalii hubeba spea mbili.

Je, wajua kwamba spea nayo huzeeka? Nunua matano ya aina moja, kisha uyazungushe ili yote yalike sawasawa. Kashata zikifika milimita 1.6, usawa wa vile vinundu vilivyo ndani ya mifereji, tairi limekwisha.

Je, wajua kwamba Arusha iliwahi kutengeneza matairi yake? Kiwanda cha General Tyre kilianza uzalishaji mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kikasimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Leo tunategemea yanayoagizwa nje, kwa hiyo jukumu la kukagua tarehe ni la mnunuzi.

Je, wajua kwamba tairi lililokwisha bado lina kazi halali? Hukatwa katambuga, viatu ambavyo wafugaji wa Ngorongoro huvivaa kwenye mawe na miiba. Basi tairi la kipara lipeleke kwa fundi wa katambuga, usilirudishe kwenye ringi. Ukiwa dukani, inama usome tarehe, uzito na saizi kwa macho yako mwenyewe. Bei iwe swali la mwisho.