Kahawa, Kidonge cha Mafua na Usingizi wa Dereva



Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya kitu kidogo kilicho karibu katika kila nyumba, nacho ni kile kidonge cha njano cha mafua ambacho watu hukiita Piriton. Watu wengi hukidhani kuwa ni kitu chepesi kama peremende. Mama humpa mtoto, jirani humpa jirani, na msafiri hukinunua njiani pasipo kuuliza neno. Walakini ndani ya kidonge hicho mna elimu kubwa, na asiyeijua elimu hiyo huenda akajidhuru nafsi yake na za wenziwe.

Aliyefika Tunduma aijua hali ya mji ule. Ndio mlango wa nchi yetu wa kuendea Zambia, umekabiliana na Nakonde iliyo ng'ambo ya pili ya mpaka, na barabara kuu itokayo Dar es Salaam huufikia baada ya kwenda zaidi ya kilomita 900. Malori yapelekayo mizigo Zambia na Kongo hupita hapo usiku na mchana. Mwaka 2019 kilifunguliwa kituo cha pamoja, ili forodha za nchi mbili zifanye kazi mahali pamoja. Lakini safari ingali ndefu, na dereva ni mwanadamu kama sisi. Huchoka, na huugua mafua, khasa katika baridi ya mwezi wa Juni na Julai katika nyanda zile za juu.

Basi na tumfikirie dereva mmoja, mzazi mwenye watoto, aliyeshikwa na mafua akiwa Tunduma. Amemeza vidonge viwili magharibi, na usiku huo huo apaswa kurudi Mbeya. Macho yaanza kumlemea. Utingo wake amwambia, "Kaka, tunywe kahawa, usingizi utakwisha." Nao wako katika nchi ya kahawa kweli kweli, kwani Mbozi ni miongoni mwa wilaya zinazojulikana kwa zao hilo. Wanywa vikombe viwili vichungu, kisha washika njia ya Vwawa na Mlowo, na mbele yao uko mteremko wa mlima Senjele, ambao habari za ajali zake tumezisikia mara nyingi.

Je, kahawa ile imemfaa? Ili tujibu swali hili yatupasa kwanza tuingie katika ubongo.

UFUNGUO NA KUFULI

Mwenyezi Mungu ameujaalia ubongo uwe na chembe nyingi mno, nazo husemezana kwa kupelekeana wajumbe. Mjumbe ni kitone kidogo cha dawa kilichotengenezwa na mwili wenyewe. Chembe moja humtoa, na chembe ya pili humpokea kwa kitu ambacho wataalamu hukiita kipokezi. Mfano wake ni kama ufunguo na kufuli: mjumbe ni ufunguo, kipokezi ni kufuli, na ufunguo ukiingia na kuzunguka, kazi hufanyika.

Wa kwanza kulieleza jambo hili waziwazi walikuwa John Langley wa Uingereza, mwaka 1905, na Paul Ehrlich wa Ujerumani katika zama hizo hizo. Baadaye likajulikana jambo la ajabu zaidi, ya kuwa ufunguo mmoja huweza kuwa na makufuli ya namna mbalimbali. Mjumbe ni yule yule, lakini akiingia kufuli hili hufanya jambo moja, na akiingia kufuli lile hufanya jambo jingine kabisa.

Mfano mzuri ni mjumbe aitwaye histamini. Makufuli yake yaliyojulikana mpaka leo ni manne. La kwanza limo puani, katika ngozi na katika ubongo. Puani na katika ngozi huleta chafya, kamasi na mwasho; ama katika ubongo, histamini hiyo hiyo ndiyo mmoja wa walinzi wanaotuweka macho. Kufuli la pili limo tumboni, na kazi yake ni kuliamrisha tumbo litoe asidi. La tatu huuzuia ubongo usitoe histamini kupita kiasi, na la nne limo katika chembe za damu zilinzazo mwili.

Dawa za zamani za mzio, ambazo Daniel Bovet alizifanyia kazi kubwa hata akapewa nishani ya Nobel mwaka 1957, ziliziba kufuli la kwanza, lakini hazikuweza kuizuia asidi ya tumbo. James Black na wenziwe wakathibitisha mwaka 1972 kuwa tumboni mna kufuli la namna nyingine, wakatafuta dawa ya kuliziba. Kutoka katika kazi hiyo ikapatikana simetidini ya vidonda vya tumbo, na Black naye akapata nishani hiyo mwaka 1988. Hii ndiyo faida ya kuyapambanua makufuli: wagonjwa wengi ambao zamani wangalipasuliwa tumbo, sasa hutibiwa kwa vidonge.

KWA NINI KIDONGE HULETA USINGIZI

Sasa turudi kwa dereva wetu. Kidonge alichomeza huziba kufuli la kwanza la histamini. Pua ikakauka, naye akafurahi. Lakini dawa hiyo haikusimama puani. Hupenya hata ndani ya ubongo, na huko nako huziba kufuli lile lile. Yule mlinzi wa kutuweka macho akigonga mlango hafunguliwi, na usingizi ukaingia.

Tena dawa hiyo hugusa hata makufuli ya mjumbe mwingine kabisa, aitwaye asetilikolini. Ndiyo sababu kinywa hukauka, na mzee huenda akazuiwa mkojo au akachanganyikiwa. Haya ndiyo tuyaitayo madhara ya dawa, na asili yake ni kuwa ufunguo umeingia mlango ambao hatukuukusudia. Wataalamu wamekwisha kutengeneza dawa nyingine za mzio, kama loratadini na setirizini, ambazo haziingii sana katika ubongo, na usingizi wake ni mchache zaidi, ijapokuwa wako watu ambao hata hizo huwalaza.

NA KAHAWA JE?

Waislamu wanajuana na kahawa tangu kale. Katika karne ya kumi na tano masufi wa Yemen waliinywa ili wakeshe katika dhikri, na mwaka 1511 palitokea mzozo mkubwa juu yake huko Makka hata ikapigwa marufuku kwa muda; kisha wanavyuoni wakaona kuwa hailevyi, na ikakubaliwa. Siri yake ni kafeini, nayo haimgusi histamini. Mlango wake ni wa mjumbe mwingine, aitwaye adenosini.

Kadiri mtu akaavyo macho, ndivyo adenosini izidivyo kukusanyika katika ubongo, nayo huingia makufuli yake na kuuambia mwili, "Umechoka, lala." Makufuli hayo nayo ni ya namna nne, na kafeini huketi khasa katika mawili yaliyomo ubongoni. Umbo lake lafanana na la adenosini kiasi cha kuingia, lakini haizunguki. Basi adenosini hukuta mlango una mtu, na onyo la uchovu halisikiki.

Tazameni basi: kahawa haikuondoa uchovu, imelinyamazisha onyo tu. Deni la usingizi lingalipo na lazidi kukua, na nguvu ya kafeini ikipungua, ambayo kwa watu wengi hufika nusu baada ya kama saa 5, mwenye kudai hurudi. Wala kahawa haikukitoa kidonge katika kufuli la histamini, kwani imeingia mlango wa jirani. Huenda macho ya dereva yakafumbuka kidogo, naye akajiona mzima. Lakini wepesi wa kuona hatari na kukanyaga breki haukurudi kama ulivyokuwa. Kujiona mzima na hali si mzima ndiyo hatari kubwa kuliko zote.

Na ikiwa juu ya hayo mtu ataongeza vidonge vya tramado, ambavyo vijana wengine huvitumia pasipo mganga, basi amefungua mlango wa tatu: makufuli yale yale ya afyuni, ambayo hutuliza maumivu, lakini pia hulemaza pumzi na kumfanya mtu mtumwa wa dawa.

YATUPASAYO

Hatusemi kuwa kidonge cha mafua ni haramu, la hasha. Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza tujitibu, na ametufundisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa yake. Lakini ametufundisha pia kuwa anayewatibu watu hali hakujulikana kuwa na elimu ya utabibu, hubeba dhamana ya madhara yatakayotokea. Na tujihadhari, basi, na tabia ya kugawiana vidonge.

Amemwamrisha pia mwenye kusinzia katika sala alale kwanza mpaka usingizi umwondoke. Ikiwa sala, iliyo nguzo ya dini, yangojewa mpaka akili irejee, je, usukani wa lori lenye mzigo mzito katika mteremko wa Senjele hauwezi kungoja?

Wewe dereva, ununuapo dawa mwambie muuzaji, "Mimi naendesha gari," na umwombe ile isiyolaza. Ukiwa umekwisha kumeza ile ya zamani, usishike usukani usiku ule. Wewe mama, usimpe mtoto kidonge hiki ili alale upate kufanya kazi zako. Ubongo wake ni mchanga, na kipimo kikizidi huweza kumdhuru vibaya. Nawe tajiri mwenye magari, usimharakishe mgonjwa. Mzigo ukichelewa siku moja hufika kesho, lakini baba wa watoto akiondoka harudi.

Akili ni amana, na milango yake ni mingi kuliko tujuavyo. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuilinda amana hii, awaponye wagonjwa wetu, na awafikishe salama wasafiri wetu wote. Amin.