Umeshinda tuzo ya ubunifu, sasa nani atanunua?

Tuseme wewe na wenzako mmeunda kifaa cha kupima presha kinachotuma matokeo kwenye simu ya daktari. Kinafanya kazi poa. Mmeshinda shindano la ubunifu na kupigwa picha na ile hundi kubwa ya kadibodi. Halafu?

Hapo ndipo wengi hukwama. Kifaa lazima kisajiliwe na Bodi ya Famasia na Sumu. Kikigusa rekodi za wagonjwa, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na ile ya Afya Dijitali ya 2023 zinakuhusu. Ukimaliza hayo, afisa wa ununuzi atakuuliza ni hospitali gani nyingine inakitumia. Ukisema hakuna, umerudi nyumbani.

Usidhani serikali haina pesa za vifaa. Mwaka wa 2015 ilianzisha mradi wa kukodisha mashine za hospitali, MES, uliokadiriwa kugharimu takriban Sh38 bilioni. Kampuni zilizopewa kazi zilitoka Marekani, Uholanzi, Uchina, Italia na India. Seneti ilipochunguza mradi huo baadaye, ilibainika kuwa baadhi ya mashine zilikuwa zimekaa bure hospitalini.

Kwa hivyo pesa zipo. Kinachokosekana ni daraja kati ya kijana aliye na kifaa na hospitali inayokihitaji.

Uingereza wana mpango unaoitwa SBRI Healthcare. Huduma ya afya ya umma, NHS, inataja shida yake, kampuni zinashindana kuitatua, na washindi wanalipiwa gharama yote ya kuunda na kujaribu suluhisho. Kampuni inabaki na haki za ubunifu wake. Hakuna ahadi kwamba bidhaa itanunuliwa, lakini kampuni inatoka na ushahidi mkononi.

Sisi tuna AGPO, inayotengea vijana, wanawake na watu wanaoishi na ulemavu asilimia 30 ya zabuni za serikali. Ni mwanzo mzuri, ila haikulipii miezi ya kujaribu kifaa wodini. Na hata ukiuza, kulipwa ni hadithi nyingine. Kufikia Juni 2024, kaunti zilikuwa na madeni ya zaidi ya Sh170 bilioni. Kampuni ya watu watatu wanaolipa rent Githurai itasubiri hizo doh hadi lini?

Afya iko chini ya kaunti, na sheria inataka wananchi wahusishwe kwenye bajeti. Kikao kikiitwa katika wadi yako, usiachie wazee peke yao. Simama uulize mambo mawili: ni pesa ngapi zimetengewa kujaribu vifaa vya wabunifu wa hapa, na wakiuza watalipwa baada ya siku ngapi? Usikae chini mpaka utajiwe nambari.